Mwacheni mwenye mtumbwi aseme

Nimerudi kutoka Mabamba, bwawa la mafunjo nchini Uganda, ng'ambo ya maji kutoka Entebbe, na kuna jambo linanichoma mpaka leo. Tulikuwa wageni sita katika mitumbwi miwili, alfajiri, tunapenya vijia vya maji katikati ya mafunjo. Aliyeshika upondo wetu, mtu wa makamo, akaanza kutusimulia habari za samaki aitwaye kamongo kwa Kiswahili cha kuchanganya na Kiluganda. Kiongozi wa msafara akamkata: "Ssebo, hawa wamekuja kuona ndege." Akanyamaza, na hakufungua kinywa tena mpaka tuliporudi ufukweni.

Ratiba yetu ilisema safari ni ya wanyamapori na utamaduni. Wanyamapori walipewa asubuhi nzima. Utamaduni ulipangiwa jioni, dakika arobaini za ngoma kwenye bustani ya hoteli. Wachezaji walijituma na sina neno nao. Lakini utamaduni wa bwawa lile tulikuwa nao mtumbwini tangu alfajiri, umesimama nyuma yetu na upondo mkononi, na tukaunyamazisha.

Fikirieni alichokuwa anaanza kutuambia. Kamongo ana mapafu. Hata awe ndani ya maji, hana budi kupanda juu kuvuta pumzi, na hapo ndipo bulwe humvizia. Bulwe ndiye korongo-nyangumi, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu ambaye watu huvuka bahari kuja kumwona. Husimama kama kisiki, muda mrefu, akisubiri pumzi moja ya samaki. Ukishaelewa hivyo, kule kusimama kwake hakukuchoshi tena. Unabaki nawe ukiyatazama maji.

Tulipofika ufukweni wenzangu walikwenda kunywa chai, mimi nikamfuata mzee yule. Kumbe yeye ni wa ukoo wa Mmamba. Kamongo ni muziro wao, yaani mnyama wa heshima wa ukoo, hawamli. Mkuu wa ukoo huo, Gabunga, ndiye aliyekuwa na amri juu ya mitumbwi ya Kabaka, mfalme wa Buganda, ziwani. Kwa hiyo aliyekuwa akitusukuma kwenye mafunjo ni mtu ambaye ukoo wake, samaki yule na mtumbwi wenyewe ni habari moja. Akaniambia pia kwamba wavuvi wa zamani walimchukia bulwe. Ukikutana naye asubuhi, ulijua utarudi na nyavu tupu, kwa hiyo walimfukuza au kumuua. Leo watu wa ufuko huohuo ndio wanaompeleka mgeni kumtazama, na wanataka abaki hai. Mabamba iliingia katika orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2006, na hilo lina uzito wake. Lakini bulwe analindwa kila siku na mvuvi aliyebadili moyo, na sisi tulikuwa naye mtumbwini tukamwambia anyamaze.

Tena ukimya ule ulikuwa na gharama. Tulipomwona bulwe, mzee aliusimamisha mtumbwi mbali kidogo. Kiongozi akamwashiria asogee, kwa ajili ya picha. Mzee akatikisa kichwa. Akaashiriwa tena, akasogea. Ndege akanyoosha shingo, akafungua mabawa, akaenda zake. Duniani wanakadiriwa kubaki kati ya 3,300 na 5,300 waliokomaa, na kwa kawaida kiota kimoja hukuza kinda mmoja tu. Kila kumfukuza ndege huyu kwenye windo lake ni kumnyima chakula, na mtu aliyejua umbali unaofaa alikuwa palepale.

Nakubali kwamba watu sita ni bora kuliko basi zima. Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba kiongozi wetu alijua jina la kila ndege aliyeruka na kwamba muda ulikuwa mfupi. Na kama shida ni lugha, basi kutafsiri ndiyo kazi aliyolipwa kuifanya.



Nimewaandikia waandaaji nikiomba kitu kimoja: mwenye mtumbwi atambulishwe kwa jina kabla ya kupanda, apewe nusu saa ya kusema, na neno lake kuhusu umbali liwe la mwisho. Sikuandika kwa ubaya. Naipenda kazi yao, ndiyo maana nimekasirika.

Mwezi ujao narudi na dada yangu. Tutakodi mtumbwi palepale ufukweni na kumuulizia mzee yule. Alikuwa amefika pale kamongo anapojichimbia kwenye tope wakati wa kiangazi, anajifunika ute wake na kungoja mvua, ndipo gari letu likapiga honi. Nataka amalizie.