Aliyemfelisha mwanafunzi wa fildi naye anahitaji mtu

Jana usiku nimepigiwa simu na dada mmoja tuliyesoma wote, saa hizi yuko Mpwapwa, afisa ustawi wa jamii kama mimi, analia. Nikajua kafiwa. Kumbe kamfelisha mwanafunzi wa fildi, yule anayeletwa na chuo ofisini kwetu kujifunza kazi kwa vitendo. Tangu fomu ya tathmini ifike chuoni hana amani, mama wa kijana kampigia, mjomba mtu kampigia, hadi bosi wake kamwita ofisini akamwambia "mama, kwani ukimpa C unapungukiwa nini, mbona unamharibia mtoto wa watu maisha". Na mwalimu wa chuo, aliyekuja mara moja tu akakaa nusu saa akasaini logibuku, daftari la kazi za kila siku za mwanafunzi, akaondoka, ndo anamuuliza ushahidi uko wapi.

Nimekosa usingizi jamani.

Maana mimi yalishanikuta hapahapa Dodoma mjini nikakimbia. Nilikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kijana mpole, anawahi, ana heshima zake. Wiki ya tatu akampiga picha mtoto tuliyempokea kutoka Dawati la Jinsia la polisi, akaiweka stetasi ya WhatsApp na maneno ya huruma. Nikamwita, nikamwelekeza, akaomba msamaha yakaisha. Wiki ya sita namkuta anamhoji binti wa miaka 13 huku baba wa kambo, huyohuyo anayelalamikiwa, kakaa benchi hilohilo. Nilijua hajaiva. Nikampa B. Nilimpa kwa sababu nilijua bumu, hela yake ya mkopo wa chuo, litamkatikia, kwao ni Kongwa na mahindi mwaka ule yalikauka yote, na nilijua nikiandika ukweli nitabaki mwenyewe. Leo naye ni afisa, ana kesi zake, na mimi kila nikimkumbuka yule binti alivyoinamisha kichwa akasema "hamna kitu" roho inaniuma.

Watu wanaona fildi ni kusainishana karatasi. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka jukumu la kumlinda mtoto kwa halmashauri, sasa kwa mtoto wa huko kwenye kata halmashauri ni nani kama siyo huyu afisa mmoja mwenye faili mezani? Akikosea huyu, mtoto anarudishwa nyumba ileile.

Kwa hiyo supavaiza, yaani afisa anayemsimamia mwanafunzi kazini, akisema wiki ya pili kuna shida, mwalimu wa chuo apande gari aje wiki hiyohiyo, wakae watatu, waandike nini hakijakaa sawa na kirekebishwe vipi, mwanafunzi asaini, maana hata yeye ni kumwonea kusikia habari ya kufeli siku ya mwisho wakati alikuwa anachekewa wiki zote hizo. Ushahidi unajengwa hivyo, na pengine hata asingefeli. Simu za wazazi zipokelewe na chuo. Bosi ampunguzie supavaiza kesi kipindi hicho. Na tufundishwe! Mimi miaka yote sijapewa hata semina ya siku moja ya namna ya kumwambia mtu mzima kwamba hajafaulu.

Haya, najua mtasema wapo supavaiza wanaofelisha kwa chuki, na wapo wanaotaka rushwa ya ngono. Nakubali, wapo, hao sheria ya rushwa ya 2007 inawahusu na washtakiwe. Ila chuo kingekuwa karibu tangu mwanzo hata hao wangeonekana mapema, na makosa yao yasiwe sababu ya kumnyamazisha aliyesema ukweli.

Nimeshaomba ruhusa kazini. Kesho alfajiri napanda gari ya Mpwapwa, kikao chake na chuo ni saa nne. Sina cha kuongea mle ndani, nitakaa tu upande wake wa meza.