Nilimgombeza Marehemu Asiyehusika

Nilikwenda Lisbon nikiwa na haja moja kubwa, nayo ilikuwa kumweleza Vasco da Gama yaliyo moyoni mwangu. Amezikwa katika kanisa la Monasteri ya Jerónimos, mtaa wa Belém, si mbali na mahali ilipong'oa nanga misafara yake, nami nikiwa mtu wa pwani nilijiona nina haki ya kumuuliza kwa nini aliitoza Kilwa kodi kwa nguvu mwaka 1502, ilhali miaka minne tu kabla ya hapo Malindi ilikwisha kumpa rubani wa kumvusha hadi India.

Shemeji yangu alitaka tuanze na Mnara wa Belém, lakini nilimkokota moja kwa moja hadi kanisani. Tulipoingia tu, nikaona upande wa kulia kaburi la mawe, na juu yake sanamu ya mwanamume aliyelala chali, viganja amevikutanisha kifuani kana kwamba anaomba radhi. Radhi hiyo ndiyo iliyonipumbaza. Nikasafisha koo, nikaanza kumsomea mashtaka kwa Kiswahili fasaha, sauti ikipanda kila nilipoitaja Kilwa, hata machozi yakanilengalenga.

Bibi mmoja aliyesimama nyuma yangu akanigusa bega kwa upole, akanipa kitambaa cha mkono na kuninong'oneza neno moja nililoweza kulielewa: "Poeta."

"Shemeji," akasema mwenzangu huku ameziba mdomo, "tangu lini nahodha akazikwa na kinubi?"

Nikatazama vizuri. Kweli, kinubi kilikuwa kimechongwa ubavuni mwa kaburi, na marehemu alikuwa amevikwa taji la majani. Alikuwa mshairi Luís de Camões, ambaye Kilwa ilipotozwa kodi alikuwa hata hajazaliwa. (Si kwamba hana lake: katika utenzi wake wa mwaka 1572 aliichora Mombasa kama pango la wasaliti, kwa hiyo sehemu ndogo ya mashtaka niliiacha palepale.)

Da Gama alikuwa upande wa pili, amechongewa merikebu. Nilirudisha kitambaa, nikavuka kwa hatua nzito, lakini hasira yote ilikuwa imeishia kwa jirani yake. Nilipomkaribia mzee yule wa karne tano, malezi yakanishinda, ulimi ukateleza mbele ya shemeji na watalii wote:

"Shikamoo."