Kufeni tu, Mjomba Nipo

Nyie mlioiona ile klipu kwenye grupu, ninayofoka "Kufeni!" kwenye gemu, ngojeni na mimi niseme. Mpwa wangu kaikata palipomfaa yeye, kaiacha sauti yangu uchi.

Overwatch, gemu ya kupigana risasi kwa timu, nimeanza kuicheza 2016, mwaka uleule ilipotoka. Nilikuwa Mercy, mganga mwenye mabawa. Enzi zetu kazi yake ilikuwa tamu: timu inakufa, wewe umejibanza mahali, ukibonyeza kitufe cha Q maiti zote za wenzako za karibu zinaamka kwa mpigo. Katikati ya 2017 nikaacha, mambo ya ndoa. (Msianze.)

Jumamosi nikapita pale vijana wanapochezea. Wamepungukiwa mtu. Siku hizi kwa kawaida timu ni watu 5, si 6 kama zamani, hiyo angalau niliambiwa. Nikavuta kiti: "Sogeeni, ng'ombe hazeeki maini."

Dalili zilikuwepo. Dogo mmoja katobolewa, nikamkimbilia na fimbo yangu, kumbe kajificha tu nyuma ya ukuta na damu inapanda yenyewe! "Mjomba, tangu 2024 kila mtu anajiponya akitulia. We mhudumie tangi, yule mnene wa mbele anayetukinga." Nikaona dharau. Mtu ajiponye mwenyewe na mganga nipo?

Basi. Tuko ramani ya King's Row, tumebanwa vibaya. Q imejaa nguvu, tayari kubonyezwa. Nikaingia uchochoroni, nikachuchumaa (ndiyo, nilichuchumaa), nikatangaza kama mwenye hisa ahera: "Kufeni tu, Mjomba nipo!"

"Mjomba njoo utuponye!"

"Nimesema kufeni!"

Wakafa. Mmoja. Wawili. Wa tatu alikufa akilalamika. Mpwa wangu akawa wa mwisho, na alipokufa akanigeukia pale kitini, macho yamejaa imani. Hayo macho ndiyo yananinyima usingizi. Nikatoka uchochoroni kwa madaha, nikasimama katikati ya maiti zangu nne, nikavunja vidole vikalia. Nikabonyeza Q.

Mabawa yakawaka dhahabu. Nikapaa. Nikazidi kupaa. Chini hakuna aliyejitikisa. Nikabonyeza tena. Na tena. Maadui watano wananitazama, mimi naelea juu yao kama puto la harusi, fimbo mkononi, sina wa kumponya. Ule mng'aro unadumu sekunde 15. Hesabuni taratibu muone zilivyo nyingi.

Kijana wa kiti cha pembeni akasema kwa upole, kama anayeleta habari ya msiba: "Mjomba, kufufua kulihamia kitufe cha E. Na ni mtu mmoja tu kwa mara."

"Tangu lini?"

"Septemba 2017. Nilikuwa darasa la tatu."

Nikadunguliwa, tukafungwa, nikanunua soda tano. Sasa naitwa Mjomba Ziraili. Na asubuhi hii dada yangu kapiga simu, hajui gemu wala Mercy, anataka tu kujua kwa nini nilikuwa namfokea mwanawe afe.