Kinyongo kina uso gani?
Eti hisia za msingi za binadamu ni 6 tu (furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao na kinyaa) na zote zinasomeka usoni popote duniani, kama inavyosema makala moja niliyosoma kuhusu hisia, kwa kumfuata mwanasaikolojia Mmarekani Paul Ekman. Mimi nakubali nusu. Kweli alikwenda Papua New Guinea miaka ya 1960 na picha zake za nyuso, na Wafore, watu wa huko, wakazitambua nyingi, ingawa hofu na mshangao viliwachanganya. Lakini kinyongo je? Shangazi yangu alimwekea wifi yake kinyongo miaka 11, na kila Idi akimpokea kwa tabasamu na kumjazia sahani ya pilau. Tuliojua ni sisi tuliomwona akisokota pindo la leso mgeni akishageuza mgongo. Halafu hiyo "huzuni" yao imerundikiwa kila kitu: majonzi ya msiba, upweke wa jioni, uchungu wa mzazi aliyetukanwa na mwanawe. Na haya wameiacha wapi? Mwenye haya huinamisha macho hata hajakosea. Aibu humpata mtu akishaumbuka. Wenzangu, kwenu wivu na kijicho ni kitu kimoja?