Kijana Huyu Si Ushuhuda Wetu

Shule zikifunguliwa, kuna maneno ambayo mwalimu yeyote aliyeokoka hapa Nakuru ameshayasikia kutoka kwa naibu wa mwalimu mkuu: "Madam, huyu nimekuletea wewe. Umeokoka, mwombee, ongea naye." Mlangoni amesimama mvulana, shati nje, macho mekundu, barua ya kusimamishwa masomo mkononi. Naibu anamaanisha mema. Ameshaita mzazi, ameshaandika barua, amechoka, na sasa anaikabidhi kesi kwa Mungu kupitia kwangu.

Nafundisha Kiswahili na CRE, somo la dini ya Kikristo, katika shule ya sekondari ya kutwa, na idara ya ushauri nasaha iko mikononi mwangu. Wanafunzi wetu wengi wanatoka Kaptembwo, Rhonda, Bondeni na nyumba zilizo karibu na jaa la Gioto. Maombi nayaamini. Naomba kabla ya kuingia darasani, na naomba nikiwa nasahihisha madaftari, hasa lile daftari ambalo mwenyewe hajaonekana tangu wiki iliyopita. Ninachokipinga kwa moyo wangu wote ni haraka yetu. Sisi Wakristo tulio shuleni tunataka mtoto aliyekutwa na bangi Ijumaa awe ameshika maikrofoni Jumapili.

Mnazijua zile wikendi chalenji, mikutano ya injili ya mwisho wa wiki shuleni. Anakuja mhubiri mgeni, kinanda kinapigwa polepole, na wanafunzi wanaambiwa wenye "kitu" mfukoni wakilete mbele. Vinaanza kutupwa jukwaani: misokoto, vipakiti vya kuber (tumbaku ya kutafuna), simu zilizoingizwa shuleni kwa kufichwa ndani ya soksi. Watoto wanalia, na machozi yao ni ya kweli, sina shaka. Mtoto wa miaka kumi na sita akilia mbele za Mungu, hakuna mwalimu anayefaa kudharau machozi hayo. Shida huanza baadaye, pale watu wazima wanapoyachukua machozi hayo na kuyafanya mali yao.

Kulikuwa na mvulana mmoja. Mtaa wake na kidato chake sitavitaja. Alitupa msokoto wake jukwaani. Jumatatu kwenye gwaride, mwalimu wa zamu akamwita mbele tena aeleze alianza lini kuvuta, alikuwa akinunua wapi, na mamake alilia namna gani alipojua. Nilikuwa nimesimama karibu, nikiitazama mikono yake. Alikuwa akiukunja ukingo wa sweta na kuukunjua, akiukunja na kuukunjua. Alipofika kwa mamake sauti ikakwama, mtu akapaza "Haleluya!" na makofi yakaanza kabla hajamaliza. Kuanzia siku hiyo wenzake wakamwita Pasta.

Yeyote aliyekaa na vijana wanaotumia mihadarati anajua kwamba kuacha si jambo la siku moja. Kijana anaacha, anarudia, anaacha tena, anarudia kidogo, anaacha kwa muda mrefu zaidi. Lakini Pasta hana nafasi ya kurudia. Huyu aliporudia, alianguka mbele ya shule nzima. Kijana mwingine angekuja kuniambia kimyakimya, "Madam, nimevuta tena." Huyu hakuweza, kwa sababu angekuwa anawaangusha wote waliompigia makofi, na Mungu pia, maana ndivyo tulivyomfundisha. Akaacha kuja shule. Nikawasikia walimu wakisema kwamba hakuwa ameokoka kweli.

Nilienda kwao. Yeye sikumkuta, nilimkuta mamake, mama fua, ndio kwanza ametoka Milimani kufua nguo za watu, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Aliniambia jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliuliza: mtoto hakuwa ameandikishwa chakula cha mchana. Saa saba kengele ikilia na wenzake wakipanga foleni ya githeri, yeye alikuwa akitoka getini kana kwamba anaenda kula nyumbani. Nyumbani hakukuwa na mtu wala sufuria motoni. Alikuwa akienda maskani, kwa vijana wakubwa waliokuwa wakimnunulia smocha, chapati iliyokunjiwa soseji. Waliompa bangi ndio waliomlisha.

Ukimwambia mtoto kama huyo aachane na marafiki wabaya, unamwambia aache kula. Tulikuwa tumemwombea, tumemwekea mikono, tumemsimamisha mbele ya watu, na katika hayo yote hakuna aliyemuuliza anakula wapi.

Mwalimu mkuu alikubali aingizwe kwenye chakula na mama alipe kidogokidogo kadiri anavyopata. Tukaanzia hapo. Baada ya kula alikuwa akija ofisini kwangu, mara nyingi bila la kusema, akikaa tu mpaka kengele ya vipindi vya alasiri. Yaliyofuata siyaandiki. Watu huniuliza kama amebadilika, nami huwajibu kwamba habari hiyo ni yake.

Ndugu zangu katika imani wakinisikia hivi hunikumbusha kwamba tunashinda kwa neno la ushuhuda. Sawa. Lakini twende kwenye Injili yenyewe, Marko sura ya 5, sura ninayoifundisha kwenye CRE. Yairo, mkuu wa sinagogi, ana binti wa miaka 12 ambaye watu wanasema amekufa. Bwana Yesu anafika, anawatoa nje waombolezaji wote, anabaki na wazazi na wanafunzi wake watatu. Anamshika mkono yule binti, anaamka. Muujiza mkubwa kuliko wote ambao mji ule ulikuwa umewahi kuuona, na maagizo anayotoa ni mawili tu: watu wasiambiwe, na mtoto apewe chakula. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara naona kama imeandikiwa mwalimu wa ushauri nasaha. Funga mlango. Mtoto ale.

Najua pia kwamba mwanzoni mwa sura hiyohiyo yule mtu wa Wagerasi, aliyetolewa pepo, anatumwa kwenda kusimulia. Tena mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 anasema kweli yote mbele ya umati. Lakini tazameni ni akina nani. Hawa ni watu wazima. Yule Mgerasi alikuwa ameketi, amevaa nguo, akili zimemrudia, na alitumwa kwao, kwa watu wa nyumbani kwake wanaomjua. Sura moja, watu wazima wawili wanasema na mtoto mmoja anafunikwa. Sisi tumeigeuza: watu wazima tunaficha yetu, na watoto ndio tunaowapandisha jukwaani.

Hata serikali ina haya kuliko sisi katika jambo hili. Mvulana wa miaka 16 akipelekwa na korti kule Shikusa, Kakamega, kwenye borstal ya wavulana, yaani taasisi ya kurekebisha vijana waliovunja sheria, sheria inalinda jina lake na picha yake visitangazwe. Mwenzake aliyekutwa na msokoto nyuma ya choo cha shule, ambaye hakuna korti iliyomsikia, anatangazwa kwenye gwaride kwa jina la Yesu, na jioni picha yake iko Facebook, na maneno ya kumshukuru Mungu chini yake. Picha hiyo haifutiki. Ataikuta siku anatafuta kazi.

Kuna namna nyingine ya kuwatangaza watoto ambayo inaniuma zaidi kwa sababu inafanyika kwa sauti ya chini. Ni yale maombi yetu ya walimu asubuhi. "Tumkumbuke fulani wa kidato cha pili, mnajua hali yake." Wasiojua wanauliza, na kufikia saa nne wakati wa chai shule nzima inajua kwamba msichana ana mimba, kabla hata nyanyake anayemlea hajajua. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, na shule yetu imewapokea kadhaa. Lakini msichana aliyeombewa kwa jina hadharani hatarudi kwenye shule ileile, ataomba uhamisho, na karo ya kuanza upya kwingine ikikosekana basi ndio mwisho. Mungu anamjua huyo mtoto. Hahitaji tumtajie jina lake mbele ya walimu wote.

Nataka nieleweke vizuri hapa, kwa maana kuna siri ambayo ni dhambi. Mtoto akikuambia kwamba mjomba, au jirani, au mwalimu, au mzee wa kanisa anamfanyia mambo ya kingono, hilo si jambo la kufunika. Waraka wa TSC, tume inayoajiri walimu, Na. 3 wa 2010 unamtaka mwalimu aripoti ndani ya saa 24, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haina kifungu cha wazee kuketi nyumbani na kumaliza kesi kwa mbuzi na pesa. Hapa Bonde la Ufa na kule Magharibi nimeona familia za waumini zikiombwa na viongozi wao "wasamehe ili jina la Bwana lisitukanwe." Jina la Bwana linatukanwa pale mtoto anaporudishwa kulala nyumba moja na aliyemnajisi. Simu ya 116 ni ya bure, inapokelewa usiku na mchana. Mpigie afisa wa watoto, nenda polisi kwenye dawati la jinsia, mpeleke mtoto hospitali kabla hajaoga. Maombi yako yaende pamoja na miguu yako. Anayefunikwa ni mtoto. Aliyemwumiza hafunikwi.

Kuhusu fimbo sitakaa sana. Imepigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia. Wapo wenzangu wanaonitajia Mithali 13, kwamba asiyetumia fimbo humchukia mwanawe. Mimi huwajibu kwa Wakolosai 3: msiwachokoze watoto wenu, wasije wakakata tamaa. Wengi wa watoto ninaowazungumzia wamepigwa nyumbani kuliko tunavyoweza kufikiri, na kiboko changu hakina jambo jipya la kuwaambia.

Hilo halimaanishi ninawaachilia. Msichana mmoja alimwibia mwenzake kikokotoo wiki ya mtihani. Hatukumtangaza, lakini alilipa: alienda mwenyewe kwa mwenye kikokotoo, akaomba msamaha akimtazama usoni, mimi nikiwa kando, na Jumamosi kadhaa akafanya kazi maktabani mpaka thamani yake ikatimia. Alichukia sana. Alinikasirikia mpaka muhula ukaisha, nami nikaendelea kumsalimia kila asubuhi. Kwangu hiyo nayo ni ibada, kumsalimia mtoto asiyekujibu.

Na jambo moja kuhusu wasio wa dini yangu. Kutoka Bondeni tuna wanafunzi Waislamu, na wengine huja ofisini kwangu kwa sababu ndiyo ofisi pekee yenye mlango unaofungika. Sijawahi kumpa yeyote kijitabu cha wokovu mkononi akiwa analia. Katiba inamlinda asilazimishwe, na hata isingemlinda, mtu hatumii kilio cha mtoto kumvuta upande wake. Wakiniuliza kwa nini nawajali, nawaambia ukweli: nimpendaye ndiye aliyenituma. Wakitaka kujua zaidi watauliza.

Wahubiri mnaokuja kwenye shule zetu, nawapenda na nawahitaji, kwa hiyo nawaomba haya waziwazi. Hubirini. Iteni watu watubu. Lakini anayekuja mbele akiwa chini ya miaka 18 msimpe maikrofoni, wala msimpige picha. Mpokeeni, mwombeeni kimya, mniitie mimi au mwalimu mwingine aliye na jukumu hilo, maana ninyi Jumapili jioni mtapanda matatu kurudi kwenu na sisi tutabaki naye Jumatatu. Mche uliopandikizwa jana hauvutwi leo ili watu waone mizizi. Na kama kanisa lenu lina sadaka ya misheni kwa ajili ya vijana, njooni siku ya wiki, saa za kazi, mmuulize mhasibu wa shule ni wanafunzi wangapi hawajaandikishwa chakula cha mchana muhula huu. Shule nyingi za kutwa zina orodha hiyo. Chukueni majina mtakayoweza, lipeni, na mwambieni mhasibu asiwaambie watoto ni nani aliyelipa.

Walimu wenzangu mliookoka, nanyi: naibu akimleta mtoto mlangoni na kusema "mwombee," mwombee. Kisha mketishe, funga mlango, uulize alikula nini jana usiku na nani alikuwa nyumbani. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa sababu akikutajia anayemnajisi utalazimika kuripoti, na mtoto aliyedanganywa na mwalimu mcha Mungu hatathubutu kirahisi kusema tena. Mwambie mapema ni yapi utakayoyatunza na ni yapi huwezi kuyatunza. Na akitoka humo ofisini, mtu akikuuliza chumba cha walimu amesema nini, mwambie tu kwamba atakuwa darasani kesho.