"Hapa Ndipo Wageni Huumbuka"

Kabla hamjaniuliza tena: hatukupinduka. Ile voisi ya swahiba wangu, niliyekuwa naye garini, inayosema tulipinduka na inayozunguka kwenye makundi tangu jana, imetiwa chumvi kilo mbili. Tuliingia majanini tu, tukatoka. Kilichoniponza ni mdomo.

Mnaonifuata hapa mnajua nilivyo na Nordschleife, ile njia ndefu ya mbio za magari ya Nürburgring. Miaka yote naihubiri, na jana ndiyo mara yangu ya kwanza kuikanyaga, huko huko kwenye vilima vya Eifel, Ujerumani, siku ya kuingia raia, na gari la kukodi. (Siku hizo ile ni barabara ya kulipia: unakaa kulia, unapita wenzako kwa kushoto, kupima muda marufuku, na ukiikunja reli ya pembeni bili ni yako. Kwa hiyo mnaouliza "ulitumia dakika ngapi", acheni uchokozi.)

Basi tangu geti la Döttinger Höhe nikageuka mwongoza watalii. Imejengwa 1925 hadi 1927, nikasema, ili watu wa Eifel waliokosa ajira wapate kibarua. Kilomita 20.8, kona 73, na kati ya chini kabisa na juu kabisa kuna mita kama 300. Kwenye kona za Hatzenbach nikampa swahiba habari za Jackie Stewart, dereva wa Formula 1 aliyeshinda hapa 1968 kwenye mvua na ukungu, yeye aliyeibatiza Jehanamu ya Kijani. Kona ya Aremberg nikaanza ya Niki Lauda, dereva mwingine wa Formula 1, aliyewaka moto karibu na kona ya Bergwerk mwaka 1976, na Formula 1 haikurudi tena kwenye mzunguko huu. Hiyo nilitaka kuimalizia tukifika penyewe. Tulipofika penyewe sikuwa na sauti.

Maana kabla ya Bergwerk kuna Fuchsröhre, tundu la mbweha. Ni mteremko katikati ya miti, na vile vikona vyake ukivinyoosha vinakuwa kama mstari mmoja, kwa hiyo mguu unakataa kutoka kwenye mafuta. Chini kabisa gari linabonyea, tumbo linakwenda kutafuta kiti, halafu mnarushwa mlimani. Mlima unakula kasi kidogo, nawe unajidanganya kwamba umepunguza vya kutosha.

Hapo nikainua kidole. Kidole, jamani, kutoka kwenye usukani. Nikasema: "Sasa inakuja Adenauer Forst. Mbele kuna kilele, huoni kitu ila miti na anga. Nyuma yake kushoto kali, halafu kulia. Breki ni kabla ya kilele, gari likiwa limenyooka. Hapa ndipo wageni huumbuka."

Kwenye neno "huumbuka" tulikuwa tumeshapita kilele.

Nikakanyaga breki. Lakini juu ya kilele gari huwa jepesi, tairi za mbele hazina uzito wa kuzibana kwenye lami. Nikakata kushoto, usukani ukageuka, gari likakataa. Nikakata zaidi, na ndiyo kosa la pili: tairi iliyokwisha kuteleza ukizidi kuigeuza inateleza tu. Nikaiona kona ikipita dirishani kwa upole, kama basi ulilolikosa. Swahiba akauliza, kwa adabu kabisa, "Na huku ni wapi?"

Huku ni majani. Yalikuwa na unyevu, breki ikawa pambo. Nikaachia kila kitu, nikashika usukani ulionyooka (hilo ndilo jambo pekee nililofanya kama mtu aliyesoma) nasi tukakata moja kwa moja ile kushoto-kulia kama wachunga mbuzi. Nyuma ya uzio wamepanga mstari wenye kamera, maana wanajua kona hii haiwaangushi. Mmoja alishusha kamera akapiga makofi.

Nikaangalia nyuma hakuna anayekuja, nikarudi lamini polepole, tope likiruka, nikakaa kulia hadi mwisho. Kona ya Karussell tulipita kama msiba. Nilikorudisha gari, jamaa alilizunguka mara moja, akachomoa kichala cha majani kwenye bampa, akanikabidhi bila neno.

Na ile "Yesu wangu!" mnayoisikia kwenye video ya wale jamaa wa uzioni si yangu. Mwulizeni mwenye voisi alikuwa amefungua dirisha la nani.