Yuan 16,655: hesabu inayosumbua hoja ya "mkono wa nje" nchini China

Tarehe 30 Juni 1922, Chen Duxiu, kiongozi wa kwanza wa Chama cha Kikomunisti cha China, aliandika taarifa kwa Kominterni, jumuiya ya vyama vya kikomunisti duniani iliyokuwa na makao yake Moscow. Ndani yake aliweka hesabu za chama za kuanzia Oktoba 1921 hadi Juni 1922. Matumizi ya makao makuu yalikuwa yuan 17,655. Mapato: yuan 16,655 kutoka Kominterni, na yuan 1,000 walizochanga wenyewe. Wanachama walikuwa 195. Kwa hesabu hiyo, katika kila yuan 100 zilizotumika, zaidi ya 94 zilitoka nje ya nchi. Taarifa hii haikuvujishwa na adui. Imo katika mikusanyo ya nyaraka iliyochapishwa na chama chenyewe.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala kuhusu wasomi wa kiliberali wa China umebanwa ukabaki swali moja tu: nani anawalipa? Neno gongzhi, ufupisho wa "msomi wa umma", lilikuwa sifa mwaka 2004, jarida moja la Guangzhou lilipotoa orodha ya wasomi 50 wa aina hiyo. Miaka kama kumi baadaye lilikuwa tusi. Siku hizi mwandishi au wakili anayeikosoa serikali huitwa dailudang, yaani kundi la kumwonyesha mvamizi njia, au huambiwa "anamkabidhi adui kisu". Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu hapo. "Kibaraka wa mabeberu" inatosha.

Hoja ya serikali haikuokotwa hewani. Mfuko wa Taifa wa Demokrasia wa Marekani, NED, ulioanzishwa mwaka 1983, huendeshwa kwa fedha zinazopitishwa na Bunge la Marekani, na kwa miaka mingi umetoa ruzuku zinazohusu China, Tibet na Xinjiang. Mmoja wa waasisi wake, Allen Weinstein, aliliambia gazeti la Washington Post mwaka 1991 kwamba mengi wanayoyafanya hadharani yalikuwa yakifanywa kwa siri na CIA miaka 25 kabla. Beijing inamnukuu hadi leo, na ina kila sababu ya kufanya hivyo. Liu Xiaobo, aliyefungwa kwa kushiriki kuandaa Mkataba wa 08, tamko la Desemba 2008 lililoanza na sahihi 303 likidai katiba yenye mipaka ya madaraka, aliwahi kuongoza chama cha waandishi kilichopokea ruzuku ya NED. Huyo huyo, alipohojiwa na jarida la Hong Kong mwaka 1988, alisema China ingehitaji miaka 300 ya kutawaliwa kikoloni ili iwe kama Hong Kong. Hakuna mzalendo anayesahau kauli ya namna hiyo. Ongeza maandamano ya umma yaliyogeuza utawala Georgia mwaka 2003, Ukraine 2004 na Kyrgyzstan 2005, na utaelewa kwa nini waraka wa ndani wa chama wa Aprili 2013, maarufu kama Waraka Namba 9, uliwataja wanadiplomasia na mashirika ya Magharibi kuwa njia ya kupenyeza fikra za kuing'oa serikali.

Kuna sababu nzito zaidi, ambayo haitamkwi sana. Watawala wa China wanajua kwa uzoefu wao kinachowezekana. Watu 195 wenye yuan 16,655 za kigeni walikusudia kuiangusha dola, na mwaka 1949 waliichukua. Aliyeingia nyumbani kwa kupitia dirishani ndiye anayejua mahali pa kuweka nondo.

Sasa tuangalie kwa karibu jinsi fedha za nje zilivyofika mikononi mwa wasomi hawa, maana hapa ndipo wengi wanapohukumu bila kusoma faili.

Kwa kanuni za mwaka 1998, asasi ilihitaji kwanza mlezi: idara ya serikali au chombo kilichoidhinishwa nayo, kinachokubali kuisimamia na kuibebea dhamana. Mlezi akipatikana, ndipo maombi yanapelekwa idara ya masuala ya kiraia. Chama cha kijamii kilitakiwa kiwe na wanachama 50, na fedha za kuanzia yuan 100,000 kwa ngazi ya taifa au 30,000 kwa ngazi ya chini yake. Hata hivyo kingeweza kunyimwa usajili kwa sababu tu eneo hilo tayari lina chama cha kazi hiyo hiyo au inayofanana nayo. Kikwazo kikubwa kilikuwa mlezi. Ni idara gani ya serikali itakubali kuwalea mawakili wanaoishtaki serikali? Wakikosea, lawama ni zake. Wakifanikiwa, hana anachopata.

Upande wa fedha ulikuwa mgumu vilevile. Kanuni za mwaka 2004 ziliwapa haki ya kuchangisha umma wakfu maalumu tu, wenye mtaji wa kuanzia usiopungua yuan milioni 8 kwa ngazi ya taifa au milioni 4 kwa ngazi ya mkoa, nao pia ni lazima wawe na mlezi. Asasi ndogo isingeweza kupitisha bakuli kwa wananchi. Tajiri wa ndani angeweza kujenga shule bila tatizo, lakini akiwafadhili watetezi wa haki, leseni yake, mkopo wake na ukaguzi wake wa kodi viko mikononi mwa dola ile ile inayoshtakiwa. Aliyebaki akiweza kutoa bila hofu ni mfadhili wa nje. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kwa nini walichukua fedha za kigeni, tuulize ni fedha gani nyingine waliruhusiwa kuchukua.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Gongmeng, asasi ya utetezi wa haki kwa njia ya sheria. Machi 2003, Sun Zhigang, mhitimu wa chuo mwenye umri wa miaka 27 aliyeajiriwa na kampuni ya mavazi huko Guangzhou, alikamatwa kwa kukosa kibali cha ukazi wa muda. Siku 3 baadaye, tarehe 20, alikufa kizuizini baada ya kupigwa. Gazeti la Nanfang Dushi Bao lilichapisha habari yake tarehe 25 Aprili. Tarehe 14 Mei, vijana watatu wenye shahada ya udaktari wa sheria, Xu Zhiyong, Teng Biao na Yu Jiang, waliiandikia Kamati ya Kudumu ya Bunge wakitaka kanuni ya mwaka 1982 ya kuwakamata na kuwarudisha makwao watu wasio na vibali ichunguzwe kama inapatana na katiba. Tarehe 20 Juni serikali ilitangaza kuifuta. Silaha yao ilikuwa barua na katiba ya China yenyewe, na mamilioni ya vibarua waliotoka vijijini waliacha kuwindwa mijini kwa kanuni hiyo.

Vijana hao ndio walioanzisha Gongmeng. Kwa kuwa njia ya asasi ilikuwa imefungwa, waliisajili kama kampuni ya ushauri. Hapo mtego ukawa umekwisha tegwa. Asasi iliyosajiliwa huweza kuomba msamaha wa kodi kwa misaada inayopokea, ilhali kampuni ikipokea ruzuku, ofisi ya kodi inaihesabu kuwa mapato ya biashara. Gongmeng ilipokea fedha kutoka Chuo Kikuu cha Yale. Julai 2009, baada ya kuwatetea wazazi wa watoto walioathirika na maziwa yaliyotiwa kemikali ya melamini na kutoa ripoti kuhusu machafuko ya Tibet, ilipewa hati ya kodi na faini ya jumla ya takribani yuan milioni 1.42, faini ikiwa imepigwa kwa kiwango cha juu kabisa, mara 5 ya kodi inayodaiwa. Siku chache baadaye kituo chake cha utafiti kilifungwa kwa sababu hakikusajiliwa. Kwa herufi ya sheria, ofisi ya kodi ilikuwa na hoja. Lakini mlolongo wenyewe ni huu: umenyimwa usajili wa asasi, ukajisajili kama kampuni, ukatozwa kodi kama kampuni, kisha ukafungwa kwa kutosajiliwa kama asasi.

Kuanzia tarehe 1 Machi 2010 mlango ulibanwa zaidi. Kampuni iliyotaka kupokea msaada kutoka shirika lisilo la kiserikali la nje ilitakiwa kupeleka benki mkataba wa msaada uliothibitishwa na mthibitishaji wa umma, unaoeleza matumizi, pamoja na cheti cha usajili wa mfadhili. Maafisa wa uthibitishaji wa hati nao ni sehemu ya mfumo ule ule. Wakisita, fedha zinalala benki.

Kisha kuna Zhongze, kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake kilichoanzishwa na wakili Guo Jianmei mwaka 1995, mwaka wa mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing. Wakfu wa Ford wa Marekani ulikuwa miongoni mwa wafadhili wake. Chuo Kikuu cha Peking, kilichokuwa mlezi wake, kilijitoa mwaka 2010. Kituo hicho kilikuwa kati ya sauti zilizodai sheria dhidi ya ukatili wa majumbani. Sheria ilipitishwa tarehe 27 Desemba 2015, ianze kutumika tarehe 1 Machi 2016. Kituo kilifungwa kwa amri tarehe 1 Februari 2016, mwezi mmoja kabla wanawake hawajaanza kuitumia.

Sheria ya kusimamia mashirika ya nje, inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2017, iliyakabidhi mashirika hayo kwa polisi. Shirika liwe limefanya kazi halisi kwao kwa angalau miaka 2, lipate mlezi kutoka kwenye orodha rasmi, lisajili ofisi kwa polisi wa mkoa, na kila mwaka kabla ya tarehe 31 Desemba liwasilishe mpango wa mwaka unaofuata. Shughuli ya muda huandikishwa siku 15 kabla kupitia mshirika wa Kichina, na haizidi mwaka mmoja. Mashirika ya Hong Kong na Taiwan nayo yanahesabiwa kuwa ya nje. Wakfu wa Ford ulijisajili, mlezi wake akiwa chama rasmi cha urafiki na nchi za nje. Kuna haki ya nchi kujua nani anatoa nini, na sheria ya namna hiyo isingekuwa na ubaya kama upande wa pili ungefunguliwa, yaani wakili wa Chengdu aruhusiwe kuchangiwa na mfanyabiashara wa Chengdu. Haukufunguliwa.

Turudi kwenye yuan 16,655. Historia rasmi husema chama kilizaliwa nadharia ya Marx na Lenin ilipoungana na harakati za wafanyakazi wa China, na kwamba msaada wa Moscow haukuyafanya mapinduzi kuwa ya Kirusi. Nakubali kabisa. Ila kipimo hicho kitumike kwa wote. Kominterni haikutuma fedha tu. Ilituma watu: Mholanzi Henk Sneevliet, aliyejulikana kama Maring, alikaa katika mkutano wa kwanza wa chama Julai 1921, na mwaka uliofuata aliwasukuma viongozi waliokuwa wakipinga wakubali kujiunga na chama cha kizalendo cha Kuomintang. Na Septemba 1985 serikali yenyewe iliwapandisha Benki ya Dunia na wachumi wa kigeni János Kornai na James Tobin kwenye meli Bashan katika mto Yangtze ili iulize namna ya kurekebisha uchumi. Hakuna aliyeitwa kibaraka. Ushauri wa mgeni unapokwenda kwa mtawala huitwa mageuzi, na unapokwenda kwa raia huitwa upenyezaji.

Mahakamani kuna la kujifunza pia. Sheria ya jinai ya China ina kifungu cha 106, kinachoongeza adhabu kwa anayeshirikiana na watu wa nje kudhuru dola. Liu Xiaobo alihukumiwa miaka 11 kwa aya ya 2 ya kifungu cha 105, uchochezi, na ushahidi ulikuwa makala 6 pamoja na Mkataba wa 08. Xu Zhiyong mwaka 2014 alipewa miaka 4 kwa kukusanya watu na kuvuruga utulivu wa mahali pa umma. Fedha za nje zilizojaa magazetini hazikuwa ndizo kosa waliloandikiwa katika hukumu.

Waliberali wenyewe wana makosa yao. Miaka mingi ya kuandika maombi ya ruzuku kwa Kiingereza iliwazoesha kumjibu mfadhili kuliko kuwajibu wafanyakazi wa kiwandani. Asasi isiyo na wanachama wanaolipa ada haina wa kusimama mlangoni polisi wanapofika. Wengi waliigeuza Marekani kuwa dengta, mnara wa taa, na mwaka 2020 baadhi yao walimshangilia Donald Trump kwa kuwa tu anaisema Beijing vibaya. Mtu anayeiga hivyo humrahisishia kazi anayemwita kibaraka.

Lugha hii haikai China peke yake. Julai 2024, baada ya vijana wa Kenya kuingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha, Rais William Ruto aliutaka Wakfu wa Ford, huo huo, ueleze unafadhili nini. Wakfu ulikanusha kufadhili maandamano hayo. Waliosimama barabarani walikuwa na kodi ya mkate midomoni, wala si jina la mfadhili.

Kama ugonjwa ungekuwa fedha za kigeni, basi baada ya bomba kukabidhiwa polisi mwaka 2017 homa ingeshuka. Desemba 2019 watu wapatao 20, wengi wao mawakili na wanaharakati, walikutana faragha mjini Xiamen kuzungumzia hali ya nchi. Aprili 2023, mahakama ya wilaya ya Linshu, Shandong, ilimhukumu mmoja wao, wakili Ding Jiaxi, miaka 12. Xu Zhiyong, ambaye mwaka 2014 alipewa miaka 4, safari hii alipewa 14.